Medali za babu hazina jina: tumshukuruje askari wetu wa Keya?

"Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), akapigana Bama (Burma, sasa Myanmar), akafariki mwaka 1991. Aliacha kisanduku cha bati chenye nyota mbili, medali mbili za duara na kijitabu cha kuachishwa jeshi ambacho kimeanza kuchakaa. Medali hazina jina lake, na mtu mmoja ametuambia ni za bandia. Baba mkubwa anataka zigawanywe, kila tawi la ukoo lichukue moja. Kuna kijana anaomba shilingi 150,000 atufuatilie fidia Uingereza. Bibi, mke mdogo wa babu, bado yu hai, ana zaidi ya miaka tisini. Binamu yangu anasema kumuenzi babu ni kumsifu mkoloni. Na baba mdogo, aliyepigana Vita vya Kagera, tukianza tu mazungumzo haya anatoka nje. Mimi nataka familia imshukuru mzee wetu kwa njia inayofaa. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna mambo sita, na hayana haraka sawa. Bibi wa miaka tisini na ushee hawezi kungojea kikao cha ukoo, na kijitabu kinachochakaa hakiwezi kungojea masika mengine. Medali ndizo zenye subira. Ila kwa kuwa ndizo zilizowatia wasiwasi, tuanze nazo tuzimalize.

Medali hizo hazina jina kwa sababu hazikuchongwa jina. Nyota na medali za Vita Kuu ya Pili ambazo Uingereza ilitoa kwa wanajeshi wake wa kawaida, askari wa Keya wakiwemo, zilitolewa tupu. Zile za vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, zilichongwa namba na jina, na huko ndiko ilikotoka imani kwamba medali halali lazima iwe na jina. Afrika Kusini, India na Australia walichonga majina kwenye za vita vya pili, kwa hiyo anayezijua hizo huweza kudanganyika akiona za kwenu. Mtu aliyewaambia ni bandia kwa sababu hiyo moja ama hajui anachosema, ama anajua sana na anatafuta kuzinunua kwa bei ya chuma chakavu.

Zisomeni wenyewe mchana, penye mwanga. Nyota ina ncha sita na rangi ya shaba iliyofifia. Katikati kuna herufi za Mfalme George wa Sita, taji juu yake, na maneno yanayozunguka. Yakiwa THE 1939-1945 STAR, hiyo ni ya kuwa kwenye uwanja wa mapigano kwa muda uliowekwa, popote pale. Yakiwa THE BURMA STAR, babu alitumikia Bama au maeneo ya vita ya jirani yake. Yakiwa THE AFRICA STAR, kwa askari wa kwetu mara nyingi maana yake ni Somalia au Abisinia (Ethiopia) katika 1940 na 1941. Za duara zina kichwa cha mfalme upande mmoja. Geuzeni: simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili ni Medali ya Vita, ambayo ilihitaji siku 28 tu za utumishi, mti mdogo wenye taji katikati ya simba wawili ni Medali ya Ulinzi. Msitegemee utepe. Tepe huchakaa, watu hubadilishana, mtoto hushona ule uliomvutia macho. Maneno yaliyochongwa ndiyo ya kuaminika.

Sasa mtaona ni kwa nini ombi la baba mkubwa lina hatari. Ikiwa medali hazina jina, kitu pekee kinachosema kwamba nyota hii ilikuwa ya babu yenu na si ya mwingine ni kile kijitabu. Medali moja ikienda Tabora, nyingine Mwanza, kijitabu kikabaki kwenu, baada ya kizazi kimoja mtakuwa na vipande vya chuma visivyo na mwenyewe. Kubalianeni vibaki pamoja chini ya mtunzaji mmoja, andikeni karatasi ya makubaliano, matawi yote yatie sahihi, na utunzaji uhame kila baada ya miaka kadhaa mkitaka. Kila tawi lipate picha kubwa safi ya seti nzima pamoja na ukurasa wa kijitabu wenye jina. Zipo pia nakala za medali zinazotengenezwa na kuuzwa kihalali kwa ajili ya familia. Mkiagiza, zitieni alama nyuma kuwa ni nakala, la sivyo mnawaandalia wajukuu mgogoro mpya. Baba mkubwa akiendelea kushikilia, kumbuka kwamba mara nyingi mzee anayedai medali hadai shaba. Anataka ionekane kuwa naye ni mtoto wa marehemu. Mpeni yeye utunzaji wa kwanza.

Kuzihifadhi si kazi ngumu, ila karibu kila anayeziharibu huziharibu kwa upendo. Msizing'arishe. Ndimu na majivu, ambavyo vinasifiwa sana kwa shaba, vina asidi na chembe zinazokwangua. Brasso nayo hukwangua. Kila ukisugua unaondoa utando mwembamba wa chuma, na pua ya mfalme na maneno ya mzunguko ndivyo vinavyoanza kupotea kwa sababu vimeinuka. Rangi ile ya kahawia haina ubaya, inaikinga shaba. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba na mzishike ukingoni, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi. Kila moja izungushiwe kipande cha bafta kilichofuliwa mara mbili kutoa wanga, kisha kikakauka kabisa. Msizitie kwenye mfuko laini wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu, na aina nyingine hutoa kemikali zinazotia shaba unga wa kijani. Raba bendi pia hapana, ina salfa, na salfa huitia chuma weusi. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya vinafaa kuvuta unyevu. Wekeni viwili, mvibadilishe kila msimu wa mvua. Kisanduku cha bati kitafaa iwapo hakina kutu ndani. Kikiwa nacho, boksi la karatasi ngumu ni bora.

Kijitabu ndicho chenye kuhitaji uangalifu zaidi. Msikipeleke stesheneri kulamineti: ule moto na gundi havitoki tena, na karatasi ya zamani huendelea kuoza ikiwa imefungiwa humo humo. Selotepu hukauka, huwa ya manjano na kuondoka na maandishi. Ukurasa ulioshikana msiubandue. Leo au kesho kilazeni mezani karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, mpige picha kila ukurasa kwa simu iliyoshikwa sambamba na karatasi bila kuwasha mwanga wa kamera. Msiache majalada wala kurasa zinazoonekana tupu, kwani makarani waliandika namba na mihuri pembeni. Kama karatasi bado ni imara na inafunguka yenyewe, mashine ya kuskani kwa nukta 300 kwa inchi inatosha. Picha za babu akiwa na sare ziskaniwe kwa 600. Ikiwa mgongo wa kijitabu lazima ukandamizwe ndipo mashine ifunge, acheni, picha ya simu itatosha. Maelezo andikeni kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Kisha kiwekwe rafu ya kati ya kabati, mbali na ukuta wa nje unaopitisha unyevu, mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, mbali na jiko. Mkiona ukungu, au unga wa kijani unaorudi baada ya kufutwa, hapo simamisheni kazi za nyumbani na mvipeleke kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa.

Kutoka kijitabuni nakilini mambo matano: jina lilivyoandikwa, namba, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na ya kuachishwa. Namba nakilini pamoja na herufi zilizotangulia tarakimu, kwani ni sehemu ya namba. Jina msilisahihishe. Karani aliandika alivyosikia, R ikawa L, jina la baba likawa la ukoo. Mkitafuta kwa tahajia ya leo pekee mtarudi mikono mitupu.

Namba ya batalioni ina siri ndogo. Keya ilipopanuka wakati wa vita, tarakimu ya mwisho ilidokeza nchi: 6, 26, 36 na 46 zilikuwa za Tanganyika, 4, 34 na 44 za Uganda, 2 na 22 za Nyasaland (Malawi). Askari walihamishwa, basi hiyo si kanuni isiyovunjika. Ikiwa ya babu ni 26 au 36, alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka) mwaka 1943, ikaingia mpakani mwa India na Bama katikati ya 1944, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, Tamu ikachukuliwa Agosti, Kalewa mapema Desemba, ambapo mto Chindwin ulivukwa kwa daraja la vyuma lililozidi mita 350. Katika bonde lile malaria na homa ya utitiri (scrub typhus) viliwalaza wengi, magari yalizama kwenye tope, na chakula kilidondoshwa kwa ndege. Ikiwa ni 46, alikuwa Brigedi ya 28, iliyoelekea mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945. Kwa hiyo hata bila faili lake binafsi, kikosi na tarehe vinawapa miezi ya maisha yake kwa karibu sana.

Faili binafsi usilitegemee. Watu hukata tamaa wakitafuta jina kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola na kulikosa, wakadhani babu hakuwa askari. Tume ile huandika waliokufa tu. Kwa vita vya pili ni kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Babu yenu alirudi nyumbani, basi hapaswi kuwemo. Ingekuwa tofauti kwa familia ya mmoja wa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Majina yao yapo Nairobi kwenye mnara wa kumbukumbu. (Na mwenye babu mkuu aliyekuwa mpagazi wa vita vya kwanza ajue mapema kwamba huenda jina halipo popote. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.)

Shajara za vita za vikosi vya Bama zipo Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya alama WO 172. Katalogi husomeka bure kwa intaneti, ila nakala za kurasa hulipiwa. Humo mtakuta kikosi kililala wapi, kilipoteza wangapi, mvua ilianza lini. Askari wa kawaida ni nadra kutajwa kwa jina. Huku nyumbani, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili ya wilaya ya miaka ya 1940. Nendeni na barua, na mtaje wilaya, siyo jina la babu peke yake. Lengo lenu liwe kuthibitisha hadithi za nyumbani au kuzikosoa, kwa kuwa hadithi za Bama zina tabia ya kukua. Idi Amin alipenda kusema alipigana Bama, naye aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimeshakwisha.

Kuhusu kijana wa shilingi 150,000, msimpe hata mia, wala msimpe kijitabu "akakitolee kopi". Dhuluma ilikuwepo kweli: malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi, na mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hata mara tatu ya Mwafrika. Lakini hakuna mfuko wa fidia ambao wajukuu hujiandikisha wakalipwa. Kilichopo ni msaada kwa askari wenyewe waliotumikia taji la Uingereza kabla ya uhuru na wajane wao wenye uhitaji, unaopitia shirika liitwalo Royal Commonwealth Ex-Services League. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 kwa ajili hiyo, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Hapa Tanzania shirika hilo hufanya kazi na Tanzania Legion and Clubs. Mwenye haki ya kuuliza katika nyumba yenu ni bibi, na aulize hata kama aliolewa baada ya vita. Jiandaeni na nakala ya kijitabu, cheti cha kifo cha babu, uthibitisho wa ndoa na kitambulisho cha bibi. Nendeni ana kwa ana, na yeyote atakayedai ada ya fomu mwacheni hapo hapo. Msimuahidi bibi kitu kabla ya jibu.

Bibi huyo huyo ndiye hifadhi yenu kubwa. Mrekodini wiki hii, asubuhi akiwa na nguvu, dakika 30 au 40 kwa mara moja, simu ikiwa imezimwa mtandao ili isiite katikati. Asizungukwe na ukoo mzima. Mjukuu mmoja anayemzoea anatosha. Msimuulize "vita ilikuwaje?" kwa sababu hakuwepo. Muulizeni alichokiona: babu alirudi na nini begini, aliimba nini akilima, chakula gani hakukigusa, alilala vipi usiku, nani alimtembelea kwa ajili ya vita, medali alizivaa siku zipi, fedha zake za jeshi zilinunua ng'ombe au bati. Askari wengi waliacha sehemu ya mshahara ilipwe nyumbani kupitia boma, na mara nyingi wanawake ndio wanaojua ilifika au haikufika. Mkimaliza, tajeni tarehe, mahali na majina ya waliopo ndani ya rekodi hiyo hiyo, kisha ihifadhiwe sehemu mbili tofauti.

Binamu yako nisingembeza, ana sehemu ya ukweli. Tanganyika ilitoa zaidi ya watu 80,000 kwa vita ambavyo hakuna mwananchi aliyeulizwa. Wengine walijitolea kwa ajili ya mshahara au kiu ya kuona dunia. Wengine walitajwa na watemi na majumbe wao. Viboko vilikuwepo. Anapokosea ni kudhani shukrani lazima iende kwa aliyetoa amri. Familia inaweza kumshukuru mtu kwa kuvumilia, kwa kurudi, kwa alichojenga na ujira wake, bila kusema neno moja jema kuhusu taji lililokuwa kwenye kofia yake. Ila na upande wa pili muwe waangalifu, msimgeuze mpigania uhuru kama hamna ushahidi. Wapo waliorudi Bama wakashika njia hiyo, kama Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa kiongozi wa Mau Mau. Walio wengi walirudi shambani. Mkiandika "alitumwa, alikwenda, alirudi, akalea watoto saba", ikiwa kweli walikuwa saba, binamu hatakuwa na la kupinga.

Kwa tendo lenyewe la shukrani, ningechagua kaburi. Siku ya hitima au misa, kwa dini yenu, au tarehe 25 Julai nchi inapowakumbuka mashujaa wake, wekeni kibao cha saruji au marumaru chenye jina alilojulikana nalo kijijini, na chini yake jina na namba kama zilivyo kijitabuni, batalioni, na miaka aliyotumikia. Wasomeeni waliohudhuria ukurasa mmoja tu wa maisha yake, na medali bibi azishike.

Baba mdogo msimshtukize siku hiyo kwa makofi. Vita vya Kagera nchi nzima inavijua, maneno ya Nyerere ya uwezo, sababu na nia kila mtu anayakariri, na hilo lenyewe linaweza kumchosha aliyekuwa kule. Kutoka kwake nje si dharau kwa babu. Akili ya mtu aliyeishi chini ya mizinga hujifunza kuikimbia kila ishara inayofanana na siku zile, iwe harufu, kishindo au jina la mahali, na kuondoka ni njia yake ya kuzuia yasimrudie. Msimlazimishe, na mwonyeni kila kijana asije akamuuliza aliua wangapi. Mwambieni faraghani, mtu mmoja kwa sentensi moja, kwamba familia inajua alikwenda na inashukuru, kisha mbadilishe mazungumzo. Shukrani kwa aliye hai ni pia kumsindikiza kliniki, kumfuatilia karatasi za pensheni, na kuacha kupiga fataki karibu na nyumba yake mwaka mpya.

Ikiwa anaamka akipiga kelele, analala kwa pombe, anashtuka kupita kiasi, anajitenga, au amewahi kusema ni heri angekufa kule, hilo si jambo la kikao cha ukoo tena. Mpelekeni hospitali ya wilaya au mkoa akaonane na mhudumu wa afya ya akili. Akiwa Dar es Salaam, Muhimbili wapo, na Lugalo ni hospitali ya jeshi ambako hatahitaji kueleza sare ni nini. Msimtajie Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kama tishio. Na kama kauli ya kufa ni ya siku hizi, aende leo, asiachwe peke yake njiani.